Mashine ya Vali na Kanda ya Baba

(Mazungumzo yaliyotolewa na mwanachama mmoja katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, ukumbi wa skuli, baada ya chakula cha mchana)



Katibu aliponiomba nizungumze aliniambia nichague jambo lolote ninalolijua vyema. Nikamjibu kwamba ninalolijua vyema ni hesabu za bandarini, maana nimezifanya miaka thelathini na mbili, lakini sidhani kuna mtu atakayekaa macho baada ya biriani kusikiliza habari za hesabu. Akaniambia, "Basi zungumza juu ya ile mashine yako." Mashine hiyo ina sifa mbaya. Wamo humu waliofika nyumbani kwangu Kiponda kunijulia hali, wakajikuta wamekalishwa kitako kusikiliza nyimbo walizokwisha kuzisikia mara mia. Leo nawaomba radhi, na nitaeleza ilivyokuwa.

Mashine yenyewe ni kigeuzi. Inapokea tarakimu kutoka kwenye kompyuta au diski, inazigeuza kuwa mkondo wa umeme, na mkondo huo unaingia kwenye amplifaya na kutoka kwenye spika kama sauti. Kwa ajili ya vijana nitatoa mfano. Mkae ukutani Forodhani na ufito uliotiwa alama, muandike kina cha maji kila baada ya dakika kumi, tangu yanapokupwa mpaka yanapojaa. Daftari hilo mkimpelekea mtu aliyeko Wete, ambaye hakuyaona maji yenu, ataweza kuchora mstari unaopanda na kushuka kama yalivyopanda na kushuka maji ya Forodhani. Sauti iliyo kwenye diski imeandikwa vivyo hivyo, ila wapimaji wake wana haraka: wanapima mara 44,100 kwa kila sekunde moja, na ufito wao una alama 65,536. Kipimo hicho kiliwekwa diski zilipoanza kuuzwa mwaka 1982, na bado kinatumika. Kigeuzi ni yule mtu wa Wete mwenye kalamu.

Sasa ndani ya kigeuzi changu mna vali. Wenzangu wa rika langu wanazikumbuka: vile vichupa vya kioo vilivyokuwa vikiwaka ndani ya redio kubwa za mbao, ukiifungua unasubiri kwanza ipate moto ndipo isikike. Maalim wetu wa fizikia alituletea redio mbovu ya namna hiyo, akaiweka juu ya meza na kutufundisha. Ndani ya kichupa hamna hewa. Mna uzi unaotiwa moto ili kipande cha madini kilicho karibu nao kimwage elektroni. Upande wa pili mna bamba linalozivuta. Na katikati mna wavu. Umeme mdogo sana ukiutia kwenye wavu unaweza kuuongoza umeme mkubwa unaopita, kama mlinda mlango mmoja anavyouongoza umati wa watu uwanjani. Fleming, Mwingereza, alitengeneza vali ya kwanza mwaka 1904, isiyokuwa na wavu. De Forest wa Marekani akautia wavu mwaka 1906. Tranzista ilipopatikana mwaka 1947 vali zikaanza kuondoka, taratibu, mpaka redio zikaingia mfukoni.

Lakini hazikwisha. Wapo watu duniani wanaosema kwamba sauti iliyopita kwenye vali ni laini, ina utamu, na ile ya tranzista ni kavu. Kwa ajili ya watu hao zinatengenezwa mpaka leo Urusi, Slovakia na China, na za zamani zilizobaki maghalani, kama zile za Mullard za Blackburn, zinauzwa kwa bei ya vito. Nami nikawa mmoja wa watu hao. Mwaka 2016, nilipopata kiinua mgongo changu, niliagiza kigeuzi cha vali kutoka Ulaya. Bei sitaitaja, kwa sababu mke wangu yuko safu ya tatu. (Kicheko.) Nitasema tu kwamba ingetosha kuezeka upya paa la nyumba, na paa lilikuwa likivuja.

Kwa nini niliinunua? Hapa lazima niseme kweli. Marehemu baba yangu alikuwa akipiga fidla. Hakuwa mtu wa jina kubwa. Mchana alikuwa karani, usiku akipiga taarab maharusini. Mwaka 1983 palikuwa na harusi Malindi, na mtu mmoja akaweka redio ya kanda karibu na wapigaji akarekodi pande zote mbili. Kanda hiyo ndiyo pekee iliyobakia yenye mkono wa baba. Mwaka 2004 niliipeleka dukani ikageuzwa kuwa diski, na diski hiyo nilikuwa nikiisikiliza kila Ijumaa. Fidla ilisikika kama inapigwa ndani ya pipa. Nikasoma kwamba vali zinarudisha uhai wa sauti. Nikaamini, maana nilitaka kuamini.

Siku ya kwanza nilipoiwasha, nilishusha pazia, nikakaa gizani na vile vitaa vyekundu. Wallahi nilidhani baba yumo chumbani.

Furaha hiyo ilidumu wiki tatu, halafu yakaanza matatizo, na hapo ndipo nilipoanza kujifunza. La kwanza lilikuwa umeme. Nyote mnajua historia yetu: waya wa kwanza kutoka Bara uliolazwa chini ya bahari mwaka 1980, megawati 45, giza la mwaka 2008 lililochukua karibu mwezi mmoja, giza la kuanzia Desemba 2009 lililochukua kiasi cha miezi mitatu, majenereta yakinguruma kila uchochoro, na waya mpya wa megawati 100 uliokamilika mwaka 2013, unaotoka Ras Kiromoni na kuibukia Fumba. (Kwa kupita tu: Fumba ndiko alikozaliwa Siti binti Saad. Umeme wetu na sauti yetu vimetokea kijiji kimoja.) Lakini hata umeme unapokuwapo, nyumbani kwangu jioni kila mtu anapowasha pasi na kiyoyozi, mita ilinionyesha volti 190 badala ya 230, na usiku wa manane 255. Uzi wa vali zangu unataka volti 6.3, usizidi wala kupungua zaidi ya sehemu moja kwa kumi. Vijana wapige hesabu: ukuta ukiwa na 190, uzi unapata 5.2, ukuta ukiwa na 255, unapata karibu 7. Ukipata kidogo vali inachoka na sauti inapwaya. Ukipata kingi inaungua kabla ya wakati wake.

Nikanunua stabilaiza ya bei rahisi, ile inayobadilisha kwa hatua, ikawa kila dakika inalia "tak" na sauti inaruka. Nikajaribu betri na inveta, nayo ikaleta mvumo kama nyuki ndani ya mzinga, kwa sababu umeme wake haukuwa wimbi laini bali ngazi za pembe pembe. Mwisho nikapata stabilaiza ya mota, ile inayozungusha brashi yake polepole. Hiyo ndiyo iliyonifaa, na kwa bei yake sijaona kitu kingine kilichonifaidisha zaidi.

La pili ni hewa ya bahari. Miguu ya vali inashika kutu nyembamba usiyoiona, na sauti inaanza kuchakacha kama mafuta yanayokaanga samaki. Fundi mmoja alitaka kuniuzia vali mpya nne. Nilizichomoa za zamani, nikaisafisha miguu yake kwa pamba na spiriti, nikazichomeka na kuzichomoa mara tatu, mchakacho ukakoma. Na mjusi naye anapenda joto. Mmoja aliingia kwa nyuma akafia penye umeme mkubwa, akaniunguzia fyuzi na kuninukishia chumba siku mbili. Sasa nimeweka wavu wa mbu kwenye matundu. Lakini sikilizeni, wanangu: ndani ya mashine ya vali mna volti mia mbili na zaidi, na zinabakia ndani hata baada ya kuchomoa plagi. Msifungue kitu hicho peke yenu. Maalim wetu alikuwa akitia mkono mmoja mfukoni kila anapoigusa ile redio. Sisi tukimcheka.

La tatu ni nyumba zenyewe. Sakafu zetu za Mji Mkongwe zimelazwa juu ya boriti, na mtu akitembea chumba cha pili, vali iliyo dhaifu inatikisika na kulia "ting" kwenye spika. Mtaijua kwa kuigonga taratibu na penseli. Mashine yangu sasa imekaa juu ya rafu iliyofungwa ukutani, maana ukuta wa mawe na chokaa hautikisiki. Na kwa kuwa boriti za mikoko ni fupi, vyumba vyetu ni vyembamba na virefu. Changu kina upana wa mita 2.8. Sauti inakwenda mita 343 kwa sekunde. Ukigawa kwa mara mbili ya upana huo unapata 61, yaani kila noti ya chini yenye mitetemo kama 61 kwa sekunde inavimba na kufunika nyenzake. Mashine ya bei yoyote haiwezi kuliondoa hilo. Nilisogeza spika mbali na pembe, nikatandika mazulia mawili na kuegemeza kabati la vitabu ukuta wa nyuma. Mke wangu akaniuliza kama hayo yalihitaji kiinua mgongo.

Sasa nafika mahali panaponiuma kidogo. Mjukuu wangu, yumo humu, kidato cha tatu, mwaka jana aliniambia, "Babu, utajuaje kama ni vali na si macho yako?" Alikuwa na kigeuzi kidogo kisichokuwa na vali, bei yake kama gunia la mchele. Akaviunganisha vyote viwili kwenye amplifaya moja, akavifunika kwa kanga, akawa anabadilisha yeye na mimi nasema kipi ni kipi. Mara ishirini. Nilipatia mara kumi na nane. Nikamwambia, umeona?

Hakunijibu. Alichukua mita, akapiga mlio mmoja usiobadilika, akapima. Changu kilikuwa kinatoa volti 2.3, chake 2.0. Yaani changu kilikuwa na sauti kubwa zaidi kidogo tu, kiasi ambacho sikio halikijui kama ni ukubwa. Linakihesabu kama ni utamu. Akavisawazisha. Tukarudia mara ishirini. Nilipatia kumi na moja, na kubahatisha tu kungenipa kumi. Na hata hizo kumi na moja, nyingine nilizijua kwa ule mnong'ono wa vali baina ya wimbo na wimbo. Yeye mwenyewe akajaribu akapata kumi na tatu, akadai ameshinda.

Sisemi kwamba mashine zote ni sawa. Masikio yangu yana miaka sitini na sita. Vali inaongeza kwenye sauti vivuli vyake, hasa ule unaokaa oktava moja juu ya noti yenyewe, na katika mashine nyingine vivuli hivyo ni vingi vya kutosha kusikika, na mtu anaweza kuvipenda kama anavyopenda iliki kwenye chai. Hilo ni jambo la ladha. Ila nilikuwa nikiambiwa na wauzaji kwamba hiyo ndiyo sauti ya asili. Basi nikafikiri: Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za HMV. Bibi zetu walizisikiliza santuri hizo kwenye gramafoni ya kutia ufunguo kwa mkono: sindano, kiwambo na pembe, bila ya waya wala vali. Walilia na kucheka vivyo hivyo. Asili ni ipi?

Usiku ule sikulala vizuri. Nikajiuliza: kama tofauti haimo katika mashine, mbona fidla ya baba imo ndani ya pipa? Kwa mara ya kwanza nikaitazama diski yenyewe kwenye kompyuta. Mstari wa sauti ulikuwa umekatwa vichwa, kama minazi iliyopigwa na radi. Aliyeigeuza mwaka 2004 aliipandisha mno, kila fidla inapokwenda juu ikagonga dari. Kisha akaibana sana ili ichukue nafasi ndogo. Yule mtu wa Wete aliletewa daftari lenye kurasa zilizochanika. Kalamu yake hata ingekuwa ya dhahabu angechora nini?

Nikaenda kuitafuta kanda. Ilikuwa ndani ya sanduku chini ya dirisha, mahali pale pale ambapo paa lilikuwa likivuja. (Kimya.) Masika mawili yalikuwa yamepita juu yake tangu ninunue mashine ya kuisikilizia.

Ilikuwa imeota ukungu mweupe. Kile kipande cha sponji kinachosukuma utepe kwenye kichwa kilikuwa kimedondoka. Sikuitia kwenye redio, na hilo ndilo jambo la busara nililofanya katika kisa chote hiki. Niliikausha siku kumi ndani ya kopo pamoja na vile vifuko vya chembe vinavyokuja na viatu vipya. Nikaupangusa ukungu polepole, nikauhamisha utepe kwenye gamba la kanda nyingine yenye skrubu. Utepe wenyewe una upana usiofika milimita nne na unakwenda sentimita 4.76 kwa sekunde. Mkono ukitetemeka umeukunja. Halafu nikachukua bisibisi ndogo nikakigeuza kichwa cha kichezeshi, nywele kwa nywele, mpaka sauti za juu zikafunguka, kwa sababu kila redio iliyorekodi ilikuwa na kichwa kilichokaa kwa pembe yake. Mjukuu akaiingiza kwenye kompyuta kwa vipimo 48,000 kwa sekunde, biti 24, akaacha nafasi ya kutosha juu ili fidla isigonge dari tena. Saa nzima inachukua kiasi cha gigabaiti moja. Siku hizi nafasi hiyo si kitu.

Upande wa kwanza tuliupata dakika thelathini na saba. Fidla haimo ndani ya pipa. Inasikika hata ule uzi wa upinde unapogusa kwanza kabla ya noti. Upande wa pili ulikuwa umegandana, tulipojaribu kuufungua rangi ilibandukana na utepe. Humo ndimo alimokuwa baba peke yake, kabla ya wimbo wa mwisho, akipiga taksimu. Nilikuwa nikiikumbuka kwa kichwa. Ipo kwenye diski ile mbovu, na itabaki hivyo hivyo.

Lakini lilikuwamo jambo nisilolijua. Aliyeigeuza mwaka 2004 alianzia pale muziki unapoanza. Maneno ya mwanzo aliyaona hayana kazi, akayakata. Kwenye kanda, kabla ya wimbo wa kwanza, viti vinaburutwa, mtu anakohoa, na sauti ya baba inasema, "Sogeza nyuma kidogo hiyo redio, isije ikameza fidla tu ikawaacha wenzangu." Basi. Sekunde sita. Sikuwa nimesikia sauti yake tangu mwaka 1991.

Nilimwita dada yangu mkubwa kutoka Jang'ombe. Nilikuwa nimeshaiwasha mashine nusu saa nzima ili vali zipate moto. Alipofika hakutaka kusubiri nimalize kumweleza. Mjukuu akamwekea kwenye simu, kwenye kispika kile cha ukubwa wa kucha. Alisikiliza mara tano. Hakuniuliza habari ya mashine.

Ninayo bado, siiuzi. Usiku mtulivu, umeme ukiwa mzuri, napenda kukaa nayo, na sasa namwambia kila mgeni kwamba napenda vile inavyowaka. Paa nimeliziba.

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu ameniruhusu kutumia maabara ya fizikia kesho baada ya sala ya alasiri. Kichezeshi cha kanda kimesafishwa na vijana wanne wa kidato cha tatu wameshajifunza kazi. Mwenye kanda ya harusi, ya maulidi, ya mzee wake akisimulia hadithi, au hata ya ile kwaya yetu ya skuli tuliyokuwa tukiionea haya, aje nayo. Ileteni kama ilivyo. Kama ina ukungu msiijaribu kwanza kwenye redio ya nyumbani, na msikate chochote cha mwanzoni. Tutaanza na zenye hali mbaya zaidi. Mashine ya vali nimeileta pia kwa anayetaka kuitazama. Wavu wa mbu usiondolewe.